Ndugu wa Marekani, kadi ya afya na tansio ya mama

Familia nyingi za Bukavu, Uvira, Baraka, Goma na Beni zilizo na mtoto ao ndugu Marekani zinajua simu ya namna hii. Mama tansio imepanda. Kwenye kituo cha afya wamempima mara mbili, munganga ameandika karatasi: elektrokadiogramu, ekografia ya moyo, vipimo vya damu. Mtu anapiga simu Louisville ao Dayton. Yule mwana anasikiliza, ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Yaya, feza ya afya iko, lakini iko ku kadi. Siwezi kuitoa juu ya mama." Huku nyumbani watu wanatazamana. Feza ya afya iko, mama ni mgonjwa, sasa shida iko wapi? Kabla ya jioni mjomba amekwisha kusema kwamba mtoto amegeuka Mzungu.

Tuliona ni vizuri kuliangalia jambo hili polepole, maana linaweza kuharibu undugu bure. Jibu fupi ni hili: mara nyingi huyo mwana anasema kweli. Kadi iko, feza iko, na sheria inamkataza kuigusa kwa ajili ya mama. Lakini kuna mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kuwa anakosea, kwa hasara ya mke wake aliyebaki huku. Na kuna swali ambalo sisi wa huku hatumuulizi hata siku moja: moyo wake yeye, yule ambaye nyumba nzima inamtegemea, ulipimwa lini?

Kadi hiyo ni nini

Marekani hakuna asiransi moja ya serikali kwa watu wote. Mtu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ao kwenye ghala kubwa kwa kawaida anapata asiransi kupitia patroni wake, na anakatwa sehemu ya mshahara kuilipia. Asiransi za malipo madogo ya kila mwezi mara nyingi zina kizingiti: ukiugua, unalipa mwenyewe mpaka kiasi fulani, kisha ndipo asiransi inaanza kusaidia. Kwa mwaka 2026, asiransi inahesabiwa kuwa ya kizingiti kikubwa ikiwa mtu mmoja anatakiwa kulipa angalau dola 1,700 za kwanza, na familia angalau dola 3,400. Hebu fikiri vizuri: anakatwa kila anapolipwa, na bado siku ya ugonjwa anaanza kulipa kutoka mfukoni.

Ili watu waweze kubeba mzigo huo, sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush mwezi wa 12 mwaka 2003 ilianzisha akaunti ya akiba ya afya. Kule wanaiita kwa herufi zake, HSA. Mfanyakazi aliye na asiransi ya kizingiti kikubwa anaweka humo sehemu ya mshahara kabla kodi haijakatwa. Feza ikikaa na kuzaa, faida yake haikatwi kodi. Ikitoka kulipia matibabu, haikatwi tena. Mwaka huu wa 2026 mtu mmoja anaruhusiwa kuweka hadi dola 4,400, na familia hadi dola 8,750. Mwisho wa mwaka ikibaki, inabaki yake. Akihama kazi anaondoka nayo.

Iko na ndugu yake, FSA, na watu wanazichanganya kwa sababu kadi zinafanana. FSA haidai asiransi ya kizingiti kikubwa, lakini inashikamana na kazi. Kikomo chake mwaka 2026 ni dola 3,400, na kwa kawaida feza isiyotumika inapotea. Kuna mapatroni wanaoruhusu hadi dola 680 zivuke kwenda mwaka unaofuata, wengine wanaongeza miezi michache ya kuitumia, wengine hapana. Uzuri wake ni kwamba kiasi chote ulichoahidi kuweka kwa mwaka unaweza kukitumia tangu siku ya kwanza, hata kabla hujakatwa. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka unasikia ndugu wa kule wanakimbia kununua miwani na mashine za kupima tansio. Wanaokoa feza isife mikononi.

Kwa hiyo tuelewane kwanza hapa: hiyo kadi siyo zawadi ya serikali. Ni mshahara wake mwenyewe uliofungwa kamba. Akiutoa kwenye HSA kwa jambo lisiloruhusiwa kabla ya kufikisha miaka 65, analipa kodi aliyokuwa amesamehewa, na juu yake faini ya asilimia 20. Chukua mtu aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12. Ametoa dola 300 kwenye HSA akazituma Kadutu kwa ajili ya moyo wa mama. Wakati wa kutangaza kodi atadaiwa dola 36 za kodi na dola 60 za faini. Dola 96, karibu theluthi ya kile alichotuma. Angeamua kutuma dola 300 hizo hizo kutoka mshahara wa kawaida, hakuna faini.

Nani anahesabiwa kuwa wa nyumbani

Hapa ndipo penye uchungu. Huku kwetu, mtu wa nyumbani ni yule unayemlisha. Sheria ya kodi ya Marekani nayo inaangalia nani unamlisha, lakini inaongeza sharti: awe raia wa Marekani, ao mkaaji wa Marekani, ao mkaaji wa Kanada ao Meksiko. Mama anayeishi Kadutu haingii. Haijalishi kama kwa miaka kumi mwana huyo ndiye analipa kodi ya nyumba, unga na shule ya wadogo. Watoto waliobaki Nyarugusu ao Nakivale wakingoja karatasi za kuungana na baba yao, nao wasipokuwa raia wa Marekani hawaingii, hata kama jina lao limeandikwa kwenye kila fomu ya uhamiaji.

Na kungoja huko kumerefuka. Katika mwaka wa hesabu wa Marekani uliomalizika mwezi wa 9 wa 2024, karibu Wakongomani 20,000 walipokelewa kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Januari 2025 serikali mpya ilisimamisha mpango huo. Familia zilizogawanyika wakati huo nyingi bado zimegawanyika, na akaunti ya afya ya baba inawaona wale tu wanaoishi naye kule.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye sheria haimuulizi anaishi wapi: mke, ao mume. HSA inaruhusiwa kulipia matibabu ya mwenye akaunti, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya wategemezi wake. Lile sharti la makao liko kwa wategemezi, haliko kwa mwenzi. Maana yake, mwanaume aliye Iowa na mke wake wa ndoa halali yuko Uvira, ekografia ya moyo ya huyo mke inaweza kulipiwa na HSA. Wengi hawajui. Wanasikia "hairuhusiwi kwa watu wa Kongo" na wanaishia hapo. Ndoa iwe ya sheria, yenye karatasi. Wale wetu wengi waliooana kwa mahari na baraka ya familia tu, bila kupita komine, wamuulize kwanza mtu anayejua kodi.

Namna ya kufanya siyo ngumu. Kadi yenyewe mara nyingi haitasomeka kwenye kasha la hospitali zetu, basi mtu analipa kwa feza ya kawaida, anashika karatasi ya malipo, kisha anajirudishia kiasi kile kutoka HSA. Karatasi iandikwe jina la mgonjwa, tarehe, kazi iliyofanyika na kiasi. Kikaratasi kisicho na jina, chenye muhuri tu, hakitamsaidia siku ofisi ya kodi itakapouliza. Na matibabu yawe yamefanyika baada ya akaunti kufunguliwa, siyo kabla.

Vilevile kwa yeye mwenyewe. Akija likizo na akapimwa moyo Bukavu ao Kigali, malipo hayo yanahesabiwa sawa na yale ya Marekani, mradi ni matibabu halali mahali yalipofanyika. Dawa aliyoandikiwa, akainunua na kuimeza huku huku, inaingia ikiwa ni halali katika nchi zote mbili. Dawa ya kubeba kwenye sanduku kurudi nayo ni jambo lingine, kwa kawaida haiingii. Tiketi ya ndege ya kuja kusalimia familia haiingii pia, hata ukipimwa tansio siku ya kwanza.

Kupima bure, kulipa, na kulipa bure

Tuje kwenye moyo wenyewe. Tansio ya juu haina kelele. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kwamba wako nayo. Mtu anabeba mizigo usiku kucha, anakula chumvi nyingi, analala saa nne, anatuma feza, na anajiona mzima mpaka siku mkono mmoja unakataa kunyanyuka.

Sasa, ndugu wengi wa kule wanaogopa kwenda kwa munganga kwa sababu ya kile kizingiti. Wanasema wakifika tu, fakitire itawafuata nyumbani. Kwa upande wa kupima tansio, hofu hiyo haina sababu. Tangu sheria ya asiransi ya mwaka 2010, asiransi nyingi za Marekani zinalazimika kulipa zenyewe, bila kuangalia kizingiti, huduma za kinga zilizopewa alama A ao B na jopo la wataalamu wa kinga wa nchi hiyo. Kupima tansio kwa kila mtu wa miaka 18 na zaidi kuna alama A. Kupima sukari kwa watu wa miaka 35 hadi 70 wenye uzito uliozidi kuna alama B. Hapo mtu hahitaji hata kugusa HSA. Aende kwa munganga aliye kwenye orodha ya asiransi yake, aseme amekuja kwa uchunguzi wa kinga wa mwaka.

Neno "kinga" hapo lina uzito wa feza. Mtu akisema "nimekuja kwa uchunguzi wa mwaka", ni kinga. Akisema "kifua kinaniuma nikipanda ngazi", kazi imegeuka kuwa kutafuta ugonjwa. Elektrokadiogramu, ekografia, kipimo cha kutembea kwenye mashine, vyote vinaingia kwenye kizingiti, na fakitire inaweza kuwa ya mamia ya dola ao maelfu. Kuna watu wakishajua hivyo wanaamua kuficha maumivu. Hiyo ni hesabu mbaya kabisa. Maumivu ya kifua yasemwe siku hiyo hiyo, na hapo ndipo HSA ina maana yake ya kweli: ile feza iliyolala humo ndiyo inalipa ile fakitire ya kwanza. Pia tangu mwezi wa 7 mwaka 2019 ofisi ya kodi imeruhusu asiransi za kizingiti kikubwa zilipe mapema vitu fulani kwa watu ambao tayari ni wagonjwa: mashine ya kupimia tansio kwa mwenye tansio, kipimo cha kolesteroli mbaya na dawa zake kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Imeruhusu, haikulazimisha. Kwa hiyo ni lazima kuuliza asiransi yenyewe.

Halafu kuna kulipa bure. Marekani ziko kampuni zinazokodi ukumbi, mara nyingine ukumbi wa kanisa, na kuuza vipimo vya moyo na mishipa kwa pamoja, siku moja, bila karatasi ya munganga. Tangazo linasema unaweza kulipa kwa HSA ao FSA. Ni kweli. Kwa sheria ya kodi, kipimo cha mwili ni gharama ya matibabu hata kama huumwi popote. Lakini ofisi ya kodi inauliza tu kama ni matibabu. Haiulizi kama yanakufaa. Lile jopo la wataalamu, mwaka 2018, lilishauri watu wasio na dalili na wenye hatari ndogo wasifanyiwe elektrokadiogramu ya kutafuta ugonjwa. Mwaka 2021 likarudia kushauri kwamba watu wasio na dalili wasipimwe mishipa ya shingo. Sababu ni kwamba kipimo kinaweza kupiga kengele ya uongo, kengele inaleta vipimo vingine, na vingine kati ya hivyo vina hatari zake na fakitire zake. Picha ya kuangalia chokaa kwenye mishipa ya moyo iko katikati: kwa mtu ambaye munganga anasitasita kumpa dawa ya kolesteroli, inaweza kusaidia kuamua. Bei yake mara nyingi iko kati ya dola 100 na 400, asiransi nyingi hazilipi, HSA inaweza kulipa. Munganga aamue, siyo tangazo.

Sisi huku tusicheke. Tunawajua wale wanaopita na kimashine cha kushika mkononi, wanasema kinasoma magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja, kisha wanakuuzia chai ya kusafisha mishipa.

Dola 100 hazina faida moja kwa wote

Wanasiasa wa Marekani wanazisifu akaunti hizi kwamba zinampa kila mtu nguvu juu ya afya yake. Tuangalie hesabu. Mfanyakazi wa ngazi ya kodi ya asilimia 10 akiweka dola 100 kupitia mshahara, anaokoa dola 10 za kodi, na dola 7 na senti 65 za michango ya pensheni na matibabu ya wazee. Jumla 17.65. Yule wa ofisini aliye kwenye ngazi ya asilimia 24, kwa dola 100 hizo hizo anaokoa 31.65. Na baba wa watoto wanne mwenye mshahara mdogo, ambaye baada ya punguzo za watoto hadaiwi karibu kodi yoyote ya mapato, anabaki na zile 7.65 peke yake.

Kisha kuna swali la nani anaweza kuweka. Dola 4,400 za kukaa tu kwenye akaunti zikingoja ugonjwa, kwa mtu anayelipa nyumba, gari la kwenda kazini, na watu kumi na wawili wa huku wanaopiga simu? Mara nyingi kadi yake iko na dola mia mbili, mia tatu. Akisema "feza iko ku kadi", tusifikiri ni mlima. Kwa maoni yetu akaunti hii ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana kitu kinachobaki mwisho wa mwezi. Ndugu zetu wengi wameingizwa humo kwa sababu asiransi ya kizingiti kikubwa ndiyo pekee waliyoweza kulipa.

Mwaka 2026 unabana

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake mambo matatu yanagusa familia zetu moja kwa moja.

La kwanza limefungua mlango. Tangu tarehe 1 Januari 2026, watu wanaonunua asiransi za ngazi ya chini kabisa, zile zinazoitwa za shaba, kwenye soko la asiransi la serikali nao wanaruhusiwa kuwa na HSA.

La pili linafunga mlango mwingine. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mkimbizi ambaye bado hajapata karatasi ya ukaaji wa kudumu hatakuwa tena na haki ya Medicaid ya kawaida, asiransi ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyowapokea Wakongomani walipotua, kabla hawajapata kazi. Kuanzia Januari 2027 mkimbizi huyo huyo atapoteza pia msaada wa serikali wa kununua asiransi kwenye soko, wakati ule msaada wa nyongeza uliokuwa umepunguza bei kwa watu wote ulikwisha mwishoni mwa 2025. Ukiweka la kwanza na la pili pamoja, unaona picha: mtu ananyang'anywa asiransi inayopima na kutibu moyo wake karibu bila malipo, halafu anaambiwa sasa una ruhusa ya kujiwekea akiba bila kodi. Akiba gani?

La tatu ni la kutuma feza. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayepeleka noti mkononi kwa wakala ili zitumwe nje ya Marekani anakatwa kodi ya asilimia 1. Kwa dola 300 ni dola 3. Lakini feza inayotoka kwenye akaunti ya benki ya Marekani ao kulipwa kwa kadi ya benki ya kule haikatwi. Wengi wa ndugu zetu wamezoea noti. Tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, huku tunapokea zaidi kwa simu, na hilo halibadilishi kitu: kinachoangaliwa ni namna mtumaji alivyolipa kule.

Na mama wa Kadutu?

Tumrudie mama. Kama kadi ya mwana haiwezi, nani analipa? Nchini Kongo sheria ya mituweli iko tangu tarehe 8 Februari 2017, na mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianza Septemba 2023 huko Kinshasa kwa kuzaa bila malipo na matibabu ya mtoto mchanga. Ni mwanzo mzuri kwa wazazi. Moyo wa mama wa miaka 60 hauko kwenye mwanzo huo.

Mituweli ziko Kivu kwa miaka mingi, na kabla ya kulipa mchango wa mwaka kuna swali moja la kuuliza: inalipa dawa ya tansio ya kila mwezi, ao inalipa tu siku mgonjwa analazwa? Majibu hayafanani. Kwa mtu wa tansio tofauti hiyo ni kila kitu, maana dawa ni ya kila siku, na anayeacha juu ya kukosa franka ndiye anayeletwa hospitali akiwa amepooza.

Kisha kuna ma-AVEC. Karibu kila avenyu iko na kikundi, na vikundi vingi vina kasha ya mshikamano pembeni ya kasha ya mikopo. Kawaida inafunguliwa kwa kilio ao kwa mtu aliyelazwa. Hakuna kinachozuia wanachama kukubaliana, mwanzoni mwa mzunguko, kwamba sehemu ndogo ya kasha hiyo inunue mashine moja ya kupima tansio, ile ya kufunga juu ya mkono, siyo ya kiwiko cha kiganja. Mashine ya namna hiyo Marekani inauzwa mara nyingi kati ya dola 30 na 60. Mwana wa Louisville anaweza kuinunua, lakini ainunue kwa feza ya mshahara: akiinunua kwa HSA akampa mama, faini ni ile ile. Inapimwa mtu akiwa amekaa, amepumzika dakika tano, na namba zinaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Zikirudi mara kwa mara kwenye 140 juu ya 90 ao zaidi, aende kwa munganga na daftari lake. Zikifika 180 juu ya 120, pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua ao mdomo kupinda, hakuna kungoja simu ya Marekani.

Ekografia ya moyo nayo iko na wakati wake, na munganga akiiandika ifanywe. Lakini kama familia iko na feza ya ekografia moja ao ya dawa za mwaka mzima, imuulize munganga waziwazi kipi kinatangulia. Siyo aibu kuuliza.

Kwa mwana wa kule, tarehe ndiyo inabana. Kazi nyingi zinafungua muda wa kuchagua asiransi mwezi wa 10 ao wa 11, kwa wiki chache tu. Kiasi cha FSA alichochagua hakibadiliki tena mpaka mwaka unaofuata, isipokuwa ameoa, amezaa, ao jambo la namna hiyo limetokea. Basi simu ya kuzungumza haya yote ni ya mwezi wa 9: aangalie kama bado ana Medicaid baada ya tarehe 1 Oktoba, kizingiti cha kazini kwake ni dola ngapi, mke aliye Uvira ana karatasi za ndoa ao hana. Na mwisho kabla unite haijakwisha, mama amuulize mwanawe tansio yake ni ngapi.